Unguja, Pemba na Mafia kwa mkupuo, tuanzie wapi?

Wakuu, mi na wife mwezi wa pili tunataka kuzunguka visiwa, bajeti ipo ila hatutaki kulala tu bichi, tunataka wanyama na kupiga mbizi. Ushauri?

Bahari_Kuu: Anzeni Mafia bana, papa potwe wapo toka Oktoba hadi Machi hivi, mnaogelea nao kabisa, mkubwa kuliko boti yenu lakini hana habari na mtu. Ndege ndogo toka Dar nusu saa tu.

mchangamwamba: Unguja lala Chumbe, kakisiwa ka jirani, banda zipo 7 tu so buku mapema. Usiku wanatoka kaa wa minazi, wanapanda mpaka miti. AC sahau.

Mpemba halisi: Pemba mbizi ni kisiwa cha Misali, popo wakubwa msitu wa Kidike.

Muuliza: Shukrani, wife kasikia kaa anapanda mti, Chumbe imekufa 😂