Antena ya nje, Konde: picha inakatika vipande. Tatizo ni antena au waya?

BintiKonde
Assalaam alaykum. Naomba msaada kwa wanaojua. Tuko Konde, Pemba. Antena yetu imefungwa kwenye mlingoti wa mwanzi nyuma ya jiko, waya unapita juu ya bati mpaka sebuleni kwenye king'amuzi. Tangu mvua za masika picha inakatika vipande vipande na sauti inaruka. Baba yangu ni mtu mzima, usiku hatoki tena, na taarifa ya habari ya ZBC haimpiti. Nikimwona anasogeza kiti hadi puani mwa televisheni ili aokoteze maneno, roho inaniuma. Kwenye king'amuzi, mstari wa nguvu unafika 70, lakini ubora unapanda hadi 50 kisha unaanguka. Katikati ya waya kuna kiungo: aliyefunga alisokota nyaya mbili akazizungushia utepe mweusi. Dukani Wete wananambia ninunue antena kubwa yenye busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi. Ninunue?

Shabiki_Amani
Nunua busta dada. Huku Unguja mimi nimefunga na naona vizuri.

Fundi_Machomane
Wa alaykum salaam dada. Tafadhali usitoe hata shilingi ya antena nyengine kabla hujaukagua waya. Nguvu 70 maana yake kitu kinafika. Ubora unaoanguka, tena tangu mvua, unanipeleka moja kwa moja kwenye hicho kiungo.

Waya wa antena si kama waya wa taa. Una shaba ya kati, plastiki nyeupe, wavu, halafu ganda la nje. Unafanya kazi kwa sababu umbali baina ya shaba na wavu ni uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo zinapopatikana zile ohm 75, kipimo ambacho waya na king'amuzi vinatakiwa kulingana. Ukisokota tu, umbali unavurugika, sehemu ya mawimbi inarudi ilikotoka. Na maji yakipata tundu, wavu unayanyonya kama utambi, yanatambaa ndani ya ganda bila ya wewe kuyaona. Kwetu visiwani upepo una chumvi, kwa hiyo shaba haikawii kuota kijani.

Ushauri wangu: toa kiungo kabisa, vuta waya mmoja mzima wa antena, ule mnene unaoandikwa RG6. Ule mwembamba wa RG59 uache. Kwa mita 30 za RG6, kwenye masafa ya televisheni ya UHF, kinachofika chini ni baina ya robo na theluthi ya nguvu. RG59 inakuachia kama moja ya tano tu.

Sasa ncha, na hapa naomba usiwe na haraka. Zima king'amuzi, chomoa na umeme, maana vyengine hupeleka volti 5 juu ya antena. Chuna ganda la nje kiasi cha sentimita moja na nusu, taratibu, wembe usikate wavu. Ukunje wavu wote nyuma juu ya ganda. Kata plastiki nyeupe ubakishe kipande kidogo, kisha ingiza konekta, kile kichwa cha chuma cha kuchomekea, mpaka plastiki ilingane na sakafu yake ya ndani. Shaba itokeze milimita 2 au 3 nje ya mdomo. Halafu tazama kwa tochi: uzi mmoja tu wa wavu ukiigusa shaba, picha hupati.

Kule juu, kama kisanduku cha antena kina skrubu, shaba iende kwenye skrubu yake na wavu chini ya kile kibanio. Mdomo wa kisanduku uelekee chini. Ziba kwa utepe wa mpira unaogandana wenyewe kwa wenyewe, juu yake utepe mweusi wa kuzuia jua. Ile silikoni inayonuka siki usiitie, asidi yake inakula shaba. Na kabla waya haujaingia dirishani, uachie kitanzi kinachoning'inia ili mvua idondokee nje.

BintiKonde
Ahsante sana fundi. Mdogo wangu amefungua kile kiungo leo. Maji yalitoka, na wavu umekuwa kijani mpaka kama shibiri moja ndani ya ganda! Kesho anakwenda Chake kununua RG6. Je, busta nayo tuiache? Na radi?

Fundi_Machomane
Basi ugonjwa umeonekana. Busta iache kwanza. Inakuza mawimbi pamoja na uchafu wake, na kilichokwisha kuharibika haikirudishi. Ikija kuhitajika, mahali pake ni juu karibu na antena, kabla waya haujala nguvu. Ukiiweka nyuma ya televisheni faida ni ndogo. Kwa Shabiki_Amani huko Unguja inaweza kuwa sawa, sikatai, lakini kwenu si dawa.

Ngurumo zikisikika kwa mbali tu, chomoeni waya wa antena na wa umeme. Zikishafika juu yenu msiguse kitu. Mdogo wako asipande siku ya upepo, na mlingoti usiwe karibu na nyaya za umeme kiasi kwamba ukianguka utazifikia. Akimaliza, mwambie auzungushe mwanzi kidogo kidogo huku wewe unasoma mstari wa ubora, si wa nguvu, na kila akisogeza asubiri sekunde chache, king'amuzi kinachelewa kujibu. Ukifika pazuri zaidi, afunge. Niandikie hapa umesimama kwenye ngapi, na msalimie sana mzee.