Hivi nchi yetu ina akiba ya mafuta ya dharura au tunategemea meli ya wiki ijayo?

Dereva_Kahama:
Wakuu habari zenu. Naomba wanaoelewa haya mambo wanieleweshe taratibu maana mimi ni mtu wa barabarani tu, naendesha Noah Kahama Shinyanga mwaka wa tisa sasa.

Mnakumbuka 2023 mwezi wa saba kwenda wa nane petroli ilivyoadimika. Huku kwetu sheli zilikuwa zinafungwa saa nne asubuhi wanakwambia imeisha, jioni unakuta vijana wanauza kwenye chupa za maji lita moja elfu tano mpaka elfu sita, na unanunua kwa sababu abiria yuko ndani. Kilichoniuma sio hela. Siku moja nilibeba mama mjamzito usiku toka kijijini kwa sababu gari la zahanati lilikuwa limekauka, na mimi mwenyewe geji ilikuwa chini, nikawa nazima gari kwenye kila mteremko huku namuomba Mungu tufike, tulifika salama lakini mpaka leo nikikumbuka ile njia mwili unasisimka.

Swali langu, serikali ina mafuta yake imeweka pembeni kwa siku kama zile? Kama yapo mbona hayakuonekana? Na kama hayapo tunasubiri nini?

Mtu_wa_Depo:
Mkuu pole sana. Nimefanya kazi kwenye depo ya mafuta Kigamboni miaka kadhaa nitakueleza nilivyoona mimi.

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Cha kwanza ni stoki ya makampuni. Masharti yanawataka waagizaji wawe na mafuta ya siku 15 hivi wakati wote. Hiyo ni mali ya mfanyabiashara, leo iko kesho imeuzwa, na akihisi bei inayotangazwa na EWURA (mamlaka ya serikali inayosimamia bei ya mafuta) itapanda Jumatano ya kwanza ya mwezi tamaa ya kuibana ni kubwa, ndio maana unaona sheli zimefunga tarehe za mwisho wa mwezi alafu Jumatano asubuhi mafuta yamejaa. Cha pili ni akiba ya kimkakati ya taifa, hiyo ni ya serikali, haiguswi mpaka itangazwe dharura. Kanuni zake zipo tangu 2014 na TPDC, shirika la mafuta la taifa, ndio wenye jukumu. Kanuni kuwepo na mafuta kuwepo kwenye tenki ni vitu viwili tofauti, na 2023 wote tuliona kilichotokea.

Kwanini imechelewa? Hela na matenki. Piga hesabu ndogo tu, lita milioni 100 kwa bei ya sheli ya 3,000 ni bilioni 300, na hizo hela zinalala hapo hazizunguki. Alafu petroli sio mahindi, ukiiacha mda mrefu inachuja ubora kwahiyo lazima uitoe uingize mpya kila baada ya miezi kadhaa. Wenzetu Marekani wanahifadhi mafuta ghafi kwenye mapango ya chumvi Texas na Louisiana, yanakaa miaka. Sisi ghafi tutaipeleka wapi wakati TIPER, kiwanda chetu cha kusafisha mafuta, iliacha kusafisha tangu miaka ya tisini mwishoni? Afadhali mamlaka ya bandari (TPA) 2024 walisaini ujenzi wa matenki 15 pale Kigamboni, jumla lita milioni 378. Hayo ni ya kupokelea mafuta ya meli ila nafasi ikiwepo na akiba inawezekana.

Wafula_Eldoret:
Naongezea kutoka huku Kenya. Sisi Aprili 2022 tulilala kwa laini za petroli na mafuta yalikuwa nchini! Shida ilikuwa serikali imeahidi kulipa makampuni ile tofauti ya bei ili raia asiumie, ikachelewa kulipa, makampuni yakakosa pesa ya kuleta shehena ingine. Kwahiyo hata ukiwa na tenki kubwa namna gani, kama malipo yamekwama tenki halitasaidia mtu wa boda hapa Eldoret. Na majirani zetu Uganda ndio huumia zaidi, 2008 baada ya uchaguzi wetu reli iling'olewa Kibera na barabara zikafungwa, Kampala na hadi Kigali wakakosa mafuta. Tena Januari 2022 madereva wa matanka waligoma Malaba na Busia juu ya vipimo vya korona, bei Uganda ikapaa ndani ya siku chache. Nchi isiyo na bandari ikikosa akiba yake yenyewe iko mikononi mwa jirani.

Mzee Mstaafu:
Vijana mimi nawasoma tu lakini hapa niseme. Miaka ya themanini mwanzoni nchi ilikuwa haina fedha za kigeni kabisa, mafuta tuliyapata kwa shida. Ilikuwa Jumapili ikifika saa nane mchana gari binafsi halitembei, ukionekana barabarani bila kibali polisi wanakusimamisha. Maisha yalikuwa magumu sitaki yarudi, ila kila mtu alijua amri ni ipi na nani ana kibali. 2023 nani alijua? Ambulensi ilipanga foleni na bodaboda na gari la harusi. Mimi naona hilo ndilo la kwanza, hata kabla ya kununua hiyo akiba, iandikwe kabisa kwamba siku mafuta yakipungua hospitali, pampu za maji na magari ya wagonjwa wanapewa kwanza, sheli gani katika kila wilaya, na nani anasaini.

Dereva_Kahama:
Asanteni sana, mzee shikamoo. Nimeelewa kumbe sio matenki tu. Ila Mtu wa Depo hayo matenki yote ni ya Dar, toka Dar mpaka huku ni karibu kilomita elfu moja na yanakuja kwa lori. Mvua ikikata barabara au madereva wakigoma si tunarudi kule kule?

Mtu_wa_Depo:
Umegusa penyewe. Meli zinashusha Dar, Tanga na Mtwara basi, huku ndani ni malori zaidi. Kwa maoni yangu hata theluthi ya akiba ingekaa Mwanza, Mbeya na Dodoma ingekuwa na maana kuliko yote kurundikana pwani. Kwa sasa anzia alipoishia mzee, nenda kwa DMO (mganga mkuu) wa halmashauri yenu umuulize magari ya wagonjwa yana mkataba na sheli gani na kwenye huo mkataba wameandika lita ngapi zisiuzwe kwa mtu mwingine.

Dereva_Kahama:
Jumatatu sina safari ya asubuhi. Naenda.