Tupeane uzoefu: Samaki akiugua ndani ya tangi lenye mimea, wewe humtibu vipi?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Habari zenu ndugu wafugaji. Naomba kila mmoja aeleze yaliyomkuta, kwa sababu maelezo ya kwenye chupa za dawa humhesabu samaki peke yake, ilhali sisi tuliopanda mimea tunafuga pia konokono, kamba wadogo na wale bakteria wa kwenye chujio ambao hatuwaoni, na dawa haichagui.

Naanza na langu. Tangi langu ni la lita 80, lina mimea tele, na nilikuwa na samaki wadogo aina ya gapi kumi na wawili. Nilinunua wengine watano, nikawaingiza siku hiyo hiyo. Siku ya nne nikamwona dume mmoja akijisugua ubavu kwenye jiwe, na nilipomulika tochi nikaona kwenye mkia wake vidoa vyeupe, vimesimama kama chembe za chumvi laini. Aliyeniuzia akanishauri nitie dawa ya rangi iitwayo metilini buluu moja kwa moja ndani ya tangi, nami nikatia. Silikoni ya kwenye pembe za kioo iligeuka buluu na haijatakata hadi leo, lakini hilo ni dogo: baada ya siku tatu majani yalianza kuoza kuanzia nchani, bakteria wa chujio wakafa, amonia (sumu ya uchafu wa samaki ambayo bakteria hao huiondoa) ikapanda, na samaki sita niliowapoteza waliuawa na maji kuliko vidoa.

Waliobaki niliwahamishia kwenye ndoo ya lita 20 yenye pampu ya hewa, nikatia chumvi isiyo na madini ya joto gramu 2 kwa kila lita, huku nikibadilisha nusu ya maji kila siku kwa maji yaliyolala usiku kucha ili klorini itoke, na kila mara nikirudisha chumvi ya kiasi cha maji niliyoyamwaga. Tangi lenyewe nilibadilisha maji yake mara kadhaa, kisha nikaliacha bila samaki kwa wiki mbili. Sababu ni kwamba kimelea kile kinacholeta vidoa, kikishiba, humwachia samaki, huangukia kwenye changarawe au majani, hujifunika kwa ganda, hujigawa na kutoa watoto mamia, nao wasipompata samaki ndani ya siku mbili hivi hufa. Kikiwa chini ya ngozi ya samaki au ndani ya ganda lake, dawa haikifikii. Hukipata pale tu watoto wanapoogelea wakitafuta samaki. Kwa hiyo mimea haikuhitaji dawa yoyote, ilihitaji kukaa bila samaki.

Mchangiaji, Nairobi

Asante kwa kufungua mada hii. Niliyafanya hayo hayo ya beseni na chumvi kwa samaki wangu wa dhahabu, lakini ilikuwa mwezi wa Julai, tangi halina heta (kifaa cha kupasha maji joto), na kipimajoto kilikuwa kinasoma nyuzi 18 asubuhi. Vidoa vilitoweka siku ya tano, nikafurahi, nikawarudisha. Baada ya siku tisa vilirudi, mara hii vikiwa vimejaa hadi kwenye matamvua, na nikampoteza mkubwa niliyekaa naye miaka minne. Nilichokuja kukielewa ni kwamba maji ndiyo yanayopanga siku: kwenye nyuzi 25 mzunguko wa kimelea huyu huchukua takribani siku 4 hadi 7, ila kwenye maji ya baridi unaweza kuvuta wiki kadhaa. Maganda yalikuwa bado yamelala kwenye changarawe yakinisubiri. Mara ya pili nilinunua heta, nikapandisha joto polepole hadi nyuzi 25 kwenye beseni na kwenye tangi tupu pia, na sikumrudisha samaki yeyote mpaka wiki mbili zilipopita tangu kidoa cha mwisho. Anubiasi zangu hazikudhurika hata jani moja.

Mchangiaji, Mombasa

Nyongeza fupi kuhusu chumvi. Maji ya kisima chetu yana chumvi tayari, unaionja ulimini. Nilipoongeza kipimo nilichosoma, tena ndani ya tangi lenyewe, mimea yangu ya kabomba yote iliyeyuka ikawa uji kwa muda wa siku nne. Onjeni maji yenu kwanza.

Mchangiaji, Morogoro

Wangu hawakuwa wagonjwa kabisa, na ndiyo maana nasimulia. Kila alfajiri niliwakuta wote wamepanga midomo juu ya maji wakihema, na ikifika saa nne asubuhi wanaogelea vizuri. Niliwapa dawa mbili tofauti kabla ya kuutazama ule mtambo wangu wa chupa ya sukari na hamira, unaopeleka hewa ya ukaa kwa mimea. Usiku mimea haitengenezi oksijeni, bali huitumia pamoja na samaki, na ile chupa ilikuwa ikiendelea kutoa gesi hadi asubuhi. Sasa taa inapozimwa nauchomoa mpira wa kupitishia gesi kwenye tangi (usiubane, chupa itapasuka) na kuwasha pampu ya hewa, na tangu hapo sijawaona tena wakihema.

Mchangiaji, Mwanza

Swali: mimea mipya nayo inaweza kuleta vidoa?

Mwanzisha mada

Ndiyo, ikiwa ilikaa pamoja na samaki wagonjwa, kwa kuwa ganda hunasa hata chini ya jani. Mimi huikaribisha kwenye ndoo nyeupe dirishani, bila samaki, kwa wiki mbili zile zile. Jana nimetia humo valisneria tano. Konokono wawili wameshatokea, na wao pia watasubiri.