Wakuu, nikichimba kisima mboga zangu zitakuwa salama?

Jembe Butu: Habari za jioni wakuu. Nalima mchicha, matembele na chainizi bonde la Msimbazi, upande wa Kigogo. Kuna mteja kasikia mboga za huku zina risasi na kadimiamu, metali zenye sumu, kwa ajili ya maji ya viwandani, anataka majibu ya maabara. Nikiachana na maji ya mto nikachimba kisima, kesi imeisha? Usingizi sipati.

Kisusio: Ngoja waje wajuzi. Nimekaa pale na ugali wangu.

Mama Pili: Mie mchicha wa Jangwani nimeula tangu nasoma, na wajukuu nimepata. Osheni kwa chumvi, chemsheni. Siku hizi mnaogopa hata kivuli.

Bwana Shamba: Shikamoo mama. Moto unaua vijidudu, risasi ni metali, haifi. Kuosha kunatoa vumbi lililo juu ya jani. Iliyopandia kwenye mizizi unaila. Jembe Butu, kabla ya kisima: hapo shambani zamani palikuwa na nini?

Jembe Butu: Pori tu.

Bwana Shamba: Pori tu?

Jembe Butu: Kulikuwa na fundi betri, anapasua za magari chini ya mwembe na kuyeyusha risasi. Mpaka leo nikilima vinatoka vipande vya plastiki nyeusi na vibamba vya kijivu, vidogo ila vizito. Lakini alishahama, na mafuriko yameshapasafisha. Halafu mchicha wa pale ndio unaostawi kuliko wote.

Bwana Shamba: Ungeanza na hilo. Risasi haiondoki na mvua, inang'ang'ania udongo wa juu, palepale unapopanda. Na kustawi si kipimo. Kiwango cha juu cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi kwa kilo, kadimiamu 0.2, jicho halioni hiyo. Peleka udongo na mboga kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kisima hapo ni kufukia hela.

Mwana wa Changamwe: Kwetu Mombasa, Owino Uhuru, betri hizohizo. Watoto walipimwa damu wakakutwa na risasi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Shangazi yangu akaa karibu na pale, hadi leo sukuma ya mtaani haingii kwake.

Jembe Butu: Nimewaelewa, ila advansi nimeshakula. Mteja mwenyewe ni kituo cha kulelea watoto, Jumatatu napeleka.

Mama Pili: Watoto?! Wewe kijana humwogopi Mungu?

Sumu ya Panya: Wakuu mnanyweshwa chai. Huyu juzi alikuwa anauza viwanja Kibaha. Anatutia hofu na bonde ili tukanunue kwake. Weka picha ya hivyo vibamba.

Jembe Butu: Sijawahi kuuza kiwanja. Kamera ya simu imekufa.

Kisusio: Kamera imekufa, risasi haifi. Nisogezeeni mboga.

Bwana Shamba: Chai au si chai, kuna wenye mashamba kama hilo wanasoma hapa. Chokaa na samadi hupunguza risasi kupanda kwenye majani, haziitoi. Nyanya na bamia hubeba kidogo kuliko majani. Ila palipopasuliwa betri, panda maua.

Jembe Butu: Maua nani atanunua? Basi watoto nitawachumia upande wa mbali. Za mwembeni nitapeleka soko la Ilala.

Mama Pili: Ilala ndiko ninakonunua mimi.