Naomba ushauri: injini ya Fuso imenoki ndani ya waranti, gereji wanakataa

Wakuu, heshima kwenu. Mwezi wa tatu nilishusha injini ya Fuso yangu kwenye gereji moja hapa Dar: pistoni, ringi na beringi mpya, krenki ikachongwa. Nililipa milioni 6.8, na kwenye risiti wameandika kwa mkono waranti miezi 6.

Wiki ya tisa, gari likiwa na saruji kwenda Mbeya, presha ya oili ikashuka tukipanda Kitonga, injini ikanoki. Dereva alizima mara moja. Namwamini, nipo naye mwaka wa saba.

Gereji wanadai tulizidisha uzito. Karatasi ya mizani ya Vigwaza ninayo, tulikuwa ndani ya kiwango. Sasa wanataka niwaletee injini waifungue wenyewe, mimi nisiwepo. Hapo ndipo ninapoogopa: wakishaifungua, ushahidi utabaki wapi?

Nitafute kwanza fundi wa nje aifungue mbele yetu wote, tupige picha? Nianzie Tume ya Ushindani (FCC) au niende mahakamani moja kwa moja? Rejesho la mkopo wa gari linanisubiri kila mwezi. Aliyepitia hili anisaidie, tafadhali.