Washington na jimbo, nani bosi? Swali la dereva wa lori

Dereva_I30 ameuliza:

Wakuu, habari za wikendi. Naendesha semi, Dallas kwenda Chicago na kurudi, napitia Texarkana, Little Rock na St. Louis. Kila safari ni majimbo manne na kila jimbo lina mambo yake. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, Illinois inayo. Illinois bangi inauzwa dukani mchana kweupe na risiti unapewa, Texas ukikamatwa nayo utajuta. Ila saa za kuendesha kabla ya kupumzika ni 11 zilezile popote nilipo, kifaa kinahesabu tu. Na nikipimwa mkojo ikaonekana bangi, hata kama nimeivuta Chicago kihalali, usukani nauachia hapohapo.

Mimi nimekulia Dodoma. Kule mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais, na Rais akitaka anatengua uteuzi usiku, asubuhi tunasoma taarifa. Hapa Marekani naambiwa Rais hawezi kumfukuza gavana. Sasa bosi ni nani? Na nani aliwapa majimbo jeuri yote hii?

BabuMizani:

Marahaba, hata kama shikamoo hukuitoa.

Kijana, swali lako la mwisho umelisimamisha kichwa chini miguu juu. Hakuna aliyeyapa majimbo madaraka. Majimbo ndiyo yaliyotoa, tena kwa mkono wa birika.

Baada ya kujitoa kwa Waingereza yalikuwa majimbo 13, kila moja na katiba yake, mahakama zake na wanamgambo wake. Mkataba wao wa kwanza wa kuungana ulianza kazi 1781, na ulikuwa dhaifu kupita kiasi. Bunge lao la pamoja liliweza kutangaza vita na kutuma mabalozi, lakini kutoza kodi halikuweza. Likihitaji pesa linayaomba majimbo, na majimbo yanatoa yakijisikia. Biashara nayo kila mtu na lwake. New York iliwatoza ushuru jirani zake, watu wa Connecticut wakileta kuni na wa New Jersey wakileta mboga kwa mashua.

Halafu ikaja 1786. Wakulima wa magharibi mwa Massachusetts, wengi wao wametoka kupigana vita vya uhuru, wakawa wanafilisiwa mashamba kwa madeni na kodi. Wakashika bunduki wakafunga mahakama ili kesi za madeni zisisikilizwe. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Daniel Shays, kapteni wa zamani wa vita hivyohivyo. Serikali ya pamoja haikuwa na pesa ya kupeleka jeshi. Matajiri wa Boston ndio waliochangishana kulipia kikosi cha jimbo. Wakubwa kama George Washington waliposikia hayo usingizi uliwaruka.

Ndipo wakakutana Philadelphia, Mei hadi tarehe 17 Septemba 1787. Wajumbe 55 walihudhuria kwa nyakati tofauti, wakajifungia katika joto la kiangazi, madirisha yamefungwa siri isitoke. Rhode Island ilikataa kabisa kutuma mtu. Mwishoni walisaini 39.

Sasa sikia walichofanya, maana jibu lako liko hapa. Waliandika Katiba, na ndani yake orodha. Washington, yaani serikali ya shirikisho, itatoza kodi, itachapa pesa, itaendesha posta, itatangaza vita, na itasimamia biashara baina ya majimbo, na kadhalika. Kisha Marekebisho ya 10 ya Katiba hiyo, ya mwaka 1791, yakaweka wazi kwamba kisichokabidhiwa kwa serikali ya shirikisho, na ambacho majimbo hayakukatazwa, ni cha majimbo au cha wananchi. Ndiyo maana gavana haguswi. Amechaguliwa na wapiga kura wa jimbo lake chini ya katiba ya jimbo lake. Rais atatengua uteuzi upi?

Ile "biashara baina ya majimbo" ndiyo inayoipa Washington nguvu ya kukupangia saa zako 11.

Nikupe kisa cha njia yako hiyohiyo. Zamani Illinois ilitunga sheria kwamba kila lori na tela liwe na madigadi yaliyopinda, yanayofuata duara la tairi. Arkansas ilitaka yaliyonyooka. Majimbo yasiyopungua 45 yaliruhusu yaliyonyooka. Sasa fikiria tela limetoka Arkansas linaingia Illinois. Fundi afungue aina moja afunge nyingine, kazi ya saa mbili hadi nne, mara nyingine kwa kuchomelea, na huenda umebeba baruti! Kampuni za malori zikaenda mahakamani, kesi ya Bibb dhidi ya Navajo Freight Lines. Mwaka 1959 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitupa sheria ya Illinois. Haikusema kwamba jimbo halina ruhusa ya kujali usalama barabarani. Ilisema mzigo huu kwa biashara ya nchi nzima umezidi, na usalama wenyewe ulioongezeka hauonekani. Leo unapita mpaka wa Illinois hata hukumbuki una madigadi.

Mkulima_Nakuru:

Asante mzee kwa darasa. Kwa hivyo ni kama kaunti zetu 47 huku Kenya? Gavana wetu pia Rais hawezi kumfuta vivi hivi.

BabuMizani:

Zinafanana kwa mbali, ndugu. Kaunti zenu zimezaliwa na Katiba ya 2010. Hapa Katiba ndiyo iliyozaliwa na majimbo, yakiwa tayari na kila kitu chake. Jimbo la Marekani lina sheria zake za jinai, majaji wake, mahakama yake ya juu, na adhabu ya kifo likitaka. Hata kosa moja unaweza kushtakiwa mara mbili, na jimbo kisha na shirikisho, na Mahakama Kuu ilirudia mwaka 2019 kwamba ni sawa, kwa sababu ni mamlaka mbili tofauti.

Ukitaka kuona hilo kwa macho simama Texarkana. Mpaka unapita katikati ya mji. Meya wawili, polisi wa aina mbili, na jengo la posta na mahakama ya shirikisho limekaa juu ya mstari wenyewe, nusu Texas nusu Arkansas. Arkansas ina kodi ya mapato, lakini wakazi wa upande wake wa Texarkana imewasamehe, la sivyo wangehamia ng'ambo ya barabara.

Dada_Louisville:

Babu, shikamoo. Unasimulia vizuri ila umepaka asali. Hao mabwana 55 walikubaliana pia kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu katika kugawa viti vya wawakilishi. Yaani bwana mwenye watumwa anaongezewa nguvu bungeni kwa watu asiowaruhusu hata kusoma. Na hiyo "haki ya majimbo" ndiyo ngao waliyojikinga nayo watetezi wa utumwa, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865.

Na huyu kijana anapita Little Rock kila wiki. Aambiwe kilichotokea pale Central High School Septemba 1957. Wanafunzi tisa weusi wanaenda kuanza masomo, gavana Orval Faubus anaweka walinzi wa jimbo wenye bunduki kuwazuia. Rais Eisenhower alifanyaje? Gavana kweli hakumfukuza. Alimnyang'anya wale walinzi kwa kuwaweka chini ya amri ya shirikisho, akashusha na askari wa Divisheni ya 101 wawasindikize watoto darasani. Kwa hiyo tusimwambie kijana kwamba majimbo ndiyo wenye nyumba basi.

BabuMizani:

Marahaba binti yangu. Umesema kweli, na hapo ndipo Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yanapoingia, kwamba hakuna jimbo litakalomnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Orodha ya 1787 ilirekebishwa baada ya damu nyingi. Jengo la Central High bado lipo na bado ni shule. Ila kijana, ukiwa na tela la futi 53 usithubutu kuingia mitaa ile, acha lori kituoni uende na teksi.

Kuhusu bangi sasa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ilisema, kesi ya Gonzales dhidi ya Raich, kwamba Bunge la Washington lina uwezo wa kukataza hata ile unayootesha nyumbani kwa matumizi yako. Lakini ilishasema mwaka 1997, katika kesi ya bunduki, kwamba Washington haiwezi kuwaamrisha polisi wa jimbo wafanye kazi yake. Unganisha hayo mawili. Katazo lipo, ila Illinois haina wajibu wa kulitekeleza, na Washington haina askari wa kutosha kukaa kila mlango wa duka. Wewe dereva wa magari makubwa wanakupata kwa mlango mwingine, kanuni za usafiri. Hizo hazijali duka liliruhusiwa na nani.

Na pale Washington isipoweza kuamrisha, inanunua. Umri wa kununua pombe ni wa majimbo kupanga. Mwaka 1984 Bunge likasema jimbo linalouza kwa walio chini ya miaka 21 litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu. South Dakota ikashtaki, ikashindwa 1987. Leo ni 21 nchi nzima. Kwangu mimi huo ndio ubosi wa kweli siku hizi, kuliko vifungu vyote.

Dereva_I30:

Shikamoo babu, samahani kwa kuchelewa, na shikamoo dada. Nimeelewa, hata ile ya madigadi nimemsimulia mwenzangu akacheka. Moja la mwisho. Binamu yangu anaendesha Houston kwenda San Antonio tu, anasema yeye ruksa kuendesha kwa saa 12. Ananidanganya?

BabuMizani:

Hakudanganyi. Texas inawapa saa 12 madereva wa ndani ya jimbo, baada ya mapumziko ya saa 8. Lakini mwambie atazame makaratasi ya mzigo, asitazame ramani. Kontena likishuka bandarini Houston kutoka ng'ambo likiwa safarini kwenda kwa mteja San Antonio, hiyo bado ni biashara ya kuvuka mipaka, hata kama yeye hakutoka Texas. Hapo saa zake ni 11 kama zako, na askari wa mizani ataomba kuona karatasi hizo kwanza.