Naomba ushauri: nahodha wangu ana miaka 14, wasomaji wanamkataa

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari. Niko Kigoma, naandika riwaya. Mhusika mkuu ni mvulana wa miaka 14 wa Kibirizi. Baba yake anazidiwa na homa katikati ya Ziwa Tanganyika, yeye anashika usukani na kuwarudisha wavuvi watano nchi kavu.

Rafiki zangu wawili wameisoma. Mmoja kasema mtoto hawezi, nimfanye wa miaka 20. Mwingine kauliza mbona babu wa huyo mvulana kazi yake ni kutoa hekima tu na kufa? Hilo limeniuma, maana ni kweli, babu nimemnyima mikono. Na wazee ninaowaona mwaloni bado wanashona nyavu kuwashinda vijana!

Kwa mtoto, nahisi shida si umri. Sijaonyesha alikojifunzia: kukumba maji, kuwasha taa za kuvutia dagaa usiku wa giza, kukosea na kuzabwa kofi. (Shule nayo anaenda, msinishambulie.)

Sasa nimuongezee miaka, au sura za kujifunza? Na babu nimpandishe mtumbwini? Mliowahi kuandika, nisaidieni.